Sekunde Kumi na Moja

Zilikuwa sekunde kumi na moja tu.
Mvua ilikuwa imeiachia Kigogo
matope ya rangi ya chai ya maziwa,
na Siwema akavuka mfereji pale penye ubao mmoja,
beseni la vitumbua kichwani,
mkono mmoja umeshika khanga, mwingine umeshika hewa.
Ubao ukacheza.

Mimi sikumrekodi. Nataka hilo lijulikane.
Aliyerekodi ni kijana wa kuosha pikipiki.
Mimi ilinikuta nyuma ya kaunta, duka la dawa,
nikisubiri mteja asiyekuja.
Nikacheka. Nikairudia, nikacheka kwa sauti.
Kisha nikaisukuma kwenye grupu la mtaa,
watu mia mbili na kumi na wanne,
na chini yake nikaandika:
"Vitumbua vya kuogelea, bei poa."

Usiku ule nilikuwa mtu.
Mjumbe wa shina, ambaye salamu yangu huijibu kwa nyusi,
aliandika: "Wewe bwana una balaa."
Nililala na simu kifuani, inatetemeka
kama kifaranga.

Asubuhi akaja.
"Hamjambo humu," akasema, ingawa nilikuwa peke yangu,
maana ndivyo alivyolelewa: unaisalimia nyumba kwanza.
Akaomba dawa ya kuchua. Bega.
"Nilianguka. Kama hujaona, basi ni wewe peke yako."
Nikainama kutafuta chenji
iliyokuwa mkononi mwangu.

"Mpaka Tunduma imefika. Shomvi wangu kaniona akiwa kazini,
kapiga simu saa hiyo hiyo:
Mama, umeumia?"

Umeumia.
Alipoondoka nikalipekua grupu lote,
kidole kikikwaruza kioo kutoka juu hadi chini.
Kulikuwa na utani wa vitumbua, wa unene wake, wa khanga.
Mmoja aliuliza kama beseni linauzwa.
Neno lile halikuwepo.

Nikabonyeza nifute. Simu ikaniambia
nimefuta kwangu tu.

Mimi huyu, nisiyevuka kizingiti cha mtu kimyakimya,
niliyefundishwa na mama kwa kubanwa sikio
kwamba hodi ni tatu, ya nne ni wizi,
nimeingia kwa Siwema usiku na watu mia mbili,
tumekanyaga mkeka na viatu,
tumemtazama akiwa chini, khanga imemwacha,
tukatoka tukicheka,
mlango tumeuacha wazi.

Jioni nilifunga duka mapema.
Kwanza nikaandika kwenye grupu:
"Ile ya jana lilikuwa kosa langu. Mwenye nayo aifute."
Kimya.
Kisha mmoja: "Umekuwa shehe lini?"
Kisha mwingine akaweka bei mpya ya gesi,
na maisha yakaendelea.

Nikaenda. Ubao ule bado unacheza.
Nikasimama mbele ya pazia la maua, harufu ya iliki,
mkononi plasta ambazo hakuziomba,
nimezishika kama mtoto anayerudisha mpira
uliovunja dirisha.
Hodi.
Hodi tena; redio ikapunguzwa.
Ya tatu niliisema kwa sauti ya mtu
anayeomba isisikike.

"Nani mwenzangu?"

Kule hakuna anayeuliza.
Kule najiita Chui wa Mburahati,
na picha yangu ni ya gari nisilowahi hata kulipanda.
Hapa, nyuma ya pazia kuna bega linalouma,
na ilinibidi nilitafute, taratibu,
jina alilonipa baba.